Kisigino cha Baba

Daktari aliniambia nivue viatu. Nilidhani sikusikia vizuri, maana nilikuwa nimekwenda hospitali ya Msambweni kwa habari ya damu, si ya miguu. Nikavua raba, nikavua na soksi zilizojaa vumbi la kijijini kwetu Majoreni, nikalala kifudifudi kitandani nyayo zikining'inia. Akashika kano ya nyuma ya mguu, pale juu ya kisigino, kati ya kidole gumba na cha shahada, akawa anaminya taratibu kutoka chini kwenda juu, kama mvuvi apimaye unene wa amari. Akahamia mguu wa pili. Kisha akauliza, "Mwalimu, kano hii imenenepa hivi tangu lini?"

Nikamjibu kwa fahari kidogo. Miaka kumi na mitano, nikamwambia, na ni mbio hizo. Kila mkimbiaji ana mahali pake pabovu, na pangu ni hapo. Nilikuwa nimepachua kwa mafuta ya karafuu, nimepafunga vitambaa, nimepakanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Pakiniuma napumzika siku mbili, kisha narudi barabarani.

"Hili si jeraha la mbio," akasema. "Haya ni mafuta. Ni kolesteroli iliyojijenga ndani ya kano. Baba yuko hai?"

Baba alikufa mwaka 1988, mwaka uleule kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa. Alikuwa na miaka 44. Alikuwa akikata miwa msimu wa miwa na kuvua msimu wa kuvua, na kwa mwili alikuwa mwembamba kama upondo. Asubuhi hiyo walikuwa wamekwisha kulivuta dau hadi kwenye tope, maji yamekupwa. Akakaa kwenye shina la mkoko, akasema kifua kinambana, akaomba maji. Waliokwenda kutafuta mkeka wa kumlaza walirudi wakakuta hauhitajiki tena ila kwa kumfunika. Matangani yalisemwa mengi. Wako waliosema amekutana na kitu mikokoni. Wako waliosema ni majonzi ya kazi iliyokwisha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliyaamini yote mawili.

Nikiwa nimelala pale kitandani ndipo nilipoikumbuka miguu yake. Utotoni nilikuwa nikimfuata kwenda diko, yeye mbele na tenga kichwani, mimi nyuma, na njia yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo kilichokuwa machoni pangu wakati wote ni visigino vyake. Nyuma ya kila mguu palikuwa na kano nene iliyotokeza, ngumu, inang'aa kwa maji ya chumvi. Nilidhani mtu wa bahari akikomaa ndivyo anavyokuwa. Nilitamani na mimi niwe nazo.

Nilifika kwa daktari yule kwa njia ndefu. Miaka mitatu kabla, kambi ya matibabu ya bure ilipiga hema kwenye uwanja wa shule yetu. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, nikawaita wazazi waje wapimwe, na ili kuwaondolea woga nikawa wa kwanza kunyoosha kidole. Presha 118 kwa 74. Sukari safi. Halafu kijana wa mashine akatazama kioo, akanidunga kidole cha pili, akatazama tena. Kolesteroli kwa jumla 8.6. Akaniuliza kama napenda nyama za mafuta. Watu waliokuwa foleni wakacheka, maana pale kijijini wananiita Kipchoge. Tangu Eliud Kipchoge alipomaliza mbio zake za Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, watoto wakiniona nakimbia alfajiri hunipigia kelele nikaze, zimebaki sekunde kumi. Nina kilo 61. Kila siku isipokuwa Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri niko njiani kuelekea barabara kuu ya Lunga Lunga. Mafuta yangenipatia wapi?

Nilipopimwa upya katika maabara moja ya Ukunda, karatasi ilisema LDL 6.8, HDL 1.3. Hizo ni milimoli kwa lita. Mtu mzima asiye na hatari nyingine hutakiwa LDL yake iwe chini ya 3. LDL ndiyo kolesteroli tunayoiita mbaya, na HDL ndiyo nzuri, ingawa sasa nikijua nijuavyo naona majina hayo yanadanganya kidogo, kwa sababu mwili hauwezi kuishi bila kolesteroli. Kuta za seli zote zimejengwa nayo, na homoni nyingi hutengenezwa kutokana nayo. Sehemu kubwa yake haitoki sahanini. Mwili wenyewe, hasa ini, ndio unaoitengeneza.

Daktari wa Msambweni alinieleza kwa mfano wa diko, na sijapata mfano mzuri zaidi. LDL ni madau yaliyosheheni kolesteroli, yanazunguka kwenye damu yakigawa mzigo. Yakimaliza safari hurudi kwenye ini, na ini lina miti ya kuyafungia. Dau likifungwa, hushushwa na kuvunjwavunjwa, na damu inapumua. Kila mtu amerithi maelekezo ya kuchonga miti hiyo mara mbili, kwa mama na kwa baba. Mimi, upande wa baba, nilirithi maelekezo yenye kasoro. Nusu ya miti yangu haishiki kamba. Kwa hiyo madau yanaelea tu, mchana na usiku, tangu siku niliyozaliwa, na dau linaloelea bila pa kufungwa mwishowe hupanda mwamba. Mwamba huo ni ukuta wa mshipa wa damu, hasa mishipa ile myembamba inayolisha moyo wenyewe. Mengine hukwama kwenye kano.

Waliogundua miti hiyo ni Michael Brown na Joseph Goldstein, madaktari wa Dallas, Marekani, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ugonjwa wenyewe, kolesteroli ya juu ya kurithi, si wa ajabu kama nilivyodhani. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila watu 250 hivi duniani. Ukichukua shule tatu za jirani zetu ukazijumlisha, si ajabu ukampata mtoto mmoja au zaidi, na hakuna anayemjua.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopotea mimi na ndipo wanapopotea wanamichezo wenzangu. Mbio ni dawa ya mambo mengi. Hushusha presha, huamsha mwili utumie sukari vizuri, hupunguza yale mafuta mengine ya damu yaitwayo trigliseridi, huipandisha HDL kidogo. Lakini LDL huiteremsha kwa kiasi kidogo tu, na kwa mtu ambaye miti yake ya ini haishiki, kiasi hicho ni tone baharini. Mwili mwembamba hauonyeshi kilichomo ndani ya mshipa.

Mmarekani mmoja, Jim Fixx, aliandika mwaka 1977 kitabu kuhusu kukimbia kilichouzwa kwa wingi ajabu na kuwatoa maelfu ya watu vitini. Alikuwa mnene mvutaji sigara, akaacha sigara, akapungua, akawa mkimbiaji. Julai 1984, huko Vermont, alianguka akiwa katikati ya mbio zake za siku, akafa. Alikuwa na miaka 52. Uchunguzi ulikuta mishipa ya moyo imeziba, mmoja wao karibu wote. Baba yake alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35 na akafa akiwa na 43. Niliposoma hayo niliweka simu chini. Baba yangu alimzidi baba yake mwaka mmoja. Nami leo nina miaka 52.

Kuna waliotumia kifo cha Fixx kusema kwamba mbio zinaua. Si kweli, na naomba asitokee msomaji akaweka raba zake darini kwa sababu yangu. Pengine mbio ndizo zilizomwongezea miaka tisa juu ya ile ya babake. Alichokosa ni upande wa pili wa matibabu, yaani dawa, na mwaka 1984 dawa iliyomfaa haikuwa bado madukani.

Dawa yenyewe ina asili ya kupendeza. Mjapani Akira Endo, mtoto wa mkulima, aliwaza hivi: ukungu na kuvu hupigana na vijidudu, basi huenda kukawa na ukungu unaotoa kitu cha kuzuia kolesteroli isitengenezwe. Kuanzia 1971 yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 6,000. Walichokitafuta walikipata kwenye ukungu wa rangi ya buluu na kijani uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Panya hawakuonyesha nafuu yoyote, kazi ikakaribia kutupwa, mpaka walipojaribu kuku wa mayai na kolesteroli ikashuka. Kutokana na mlango huo likazaliwa kundi la dawa ziitwazo statini, na ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987, mwaka mmoja kabla ya baba kukaa kwenye shina la mkoko. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia uliofuatilia wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba vifo vya waliomeza simvastatini vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 kuliko vya waliomeza kidonge kitupu. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90. Nilimsomea Fatiha, najua hakuwa wa dini yangu.

Statini hufunga kiwanda cha kolesteroli ndani ya ini. Ini likiona limepungukiwa, huchonga miti mingi zaidi ya kufungia madau ili lijipatie kolesteroli kutoka kwenye damu. Hata mtu kama mimi, ambaye nusu ya maelekezo yake ni mabovu, ile nusu nzima hufanya kazi ya ziada.

Basi kwa nini nilikaa miezi minane bila dawa?

Kliniki ya kwanza niliyokwenda na karatasi yangu, ambayo sitaitaja, ilinipa simvastatini ya miligramu 40, kidonge kimoja usiku. Hakuna aliyeniuliza baba alikufa na nini. Hakuna aliyeniuliza nafanya mazoezi gani wala nala nini. Wiki ya tano mapaja yakaanza kuuma. Si lile umivu la mkimbiaji linalokuja na kwenda. Hili lilikuwa zito, pande zote mbili sawasawa, na lilinikuta hata siku ya mapumziko. Nililitambua msikitini. Kuinuka kutoka kwenye sijida nikalazimika kuweka mkono chini, na kijana aliyekuwa pembeni yangu akanitazama. Kilima ambacho nilikuwa nakipanda nikizungumza na wanafunzi sasa nilikipanda kimya, nyuma yao.

Nikarudi kliniki. Nikaambiwa: umri umeingia, mwalimu, chagua, dawa au mbio. Nikachagua mbio. Sikuona kama ni uamuzi mkubwa. Baada ya kifo cha baba, kukimbia ndiko kulikonitoa kitandani, ndiko kulikonipatia nafasi ya chuo na kazi, na wale vijana ninaowafundisha wanakuja alfajiri kwa sababu wananikuta nimekwisha fika. Kidonge kilikuwa kinaninyang'anya hayo ili kunikinga na jambo nisilolihisi. Mtu yeyote angechagua kama mimi, na ndiyo sababu naona swali lile halikupaswa kuulizwa hivyo.

Baadaye nilijua kwamba sikuwa peke yangu. Vienna hiyohiyo ya Kipchoge, madaktari walifuatilia kwa miaka minane wanamichezo 22 wa kulipwa wenye kolesteroli ya kurithi kama yangu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya hao 22, ni sita tu waliofanikiwa hatimaye kupata statini waliyoweza kuishi nayo huku wakishindana, na watatu tu waliivumilia ile ya kwanza kabisa waliyopewa. Mazoezi makali huchanachana nyuzi za misuli ili zijijenge upya, na inaonekana kwa baadhi ya watu statini huongezea juu ya kuchanika huko. Wakimbiaji wa marathoni ya Boston waliokuwa wakitumia statini walipopimwa siku iliyofuata, dalili ya kuumia kwa misuli kwenye damu yao ilikuwa imepanda zaidi ya wenzao wasiotumia.

Lakini nisipotoa na upande wa pili nitakuwa nimewadhulumu wasomaji wanaomeza dawa hii salama, na ndio walio wengi. Marekani, watu 420 wenye afya walipewa ama atorvastatini ya kiwango cha juu kabisa, miligramu 80, ama kidonge kitupu, kwa miezi sita. Waliopata maumivu ya misuli walikuwa asilimia 9.4 kwenye dawa na 4.6 kwenye kidonge kitupu, na nguvu za misuli hazikupungua. Na huko London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walichukuliwa watu 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa chupa za miezi kumi na mbili: mingine ya dawa, mingine ya kidonge kitupu, mingine chupa tupu kabisa, bila kujua kati ya vile vidonge kipi ni kipi. Asilimia 90 ya madhara waliyoyapata kwenye statini waliyapata pia kwenye kidonge kitupu. Madhara yalikuwa ya kweli, ila kilichoyaleta ni hofu. Nusu ya watu hao 60 wakarudia dawa zao. Mimi nayaamini yote mawili, ya Vienna na ya London. Mwanamichezo anaweza kuwa ameumizwa na kidonge, na anaweza kuwa ameumizwa na habari za kidonge, na kwa kukaa nyumbani hawezi kujua ni lipi. Inabidi mtu apime.

Daktari wa Msambweni alipima. Alinitaka kwanza nipumzike mbio wiki nzima, kwa sababu kipimo cha kimeng'enya cha misuli, kreatini kinesi, hupanda chenyewe baada ya mazoezi makali na kikasingizia dawa. Akaniambia pia kwamba sisi wenye asili ya Afrika kwa kawaida huwa nacho juu zaidi, kwa hiyo namba iliyochapishwa pembeni ya karatasi si sheria. Kinachotisha ni kupanda mara kumi ya kipimo cha juu cha kawaida, au mkojo kubadilika ukawa wa rangi ya kahawa chungu. Mtu akiona mkojo huo pamoja na misuli inayouma au kulegea, asingoje asubuhi. Anaacha dawa na kwenda hospitali saa hiyohiyo, maana misuli inayeyuka na kuziba figo. Ni tukio la nadra sana, lakini mkimbiaji aliyekaukiwa maji kwenye joto letu la Januari ana sababu ya kulijua.

Akanipima tezi la shingoni, thairoidi, kwa sababu likilegea hupandisha kolesteroli na kuumiza misuli kwa wakati mmoja. Lilikuwa zima. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nikimaliza mbio nakula nini?

Nyuma ya nyumba ya mama kuna mbalungi. Msimu ukiingia hujaa mpaka matawi yakagusa ardhi, na mazoea yangu tangu ujana ni kurudi mbioni, kuchuma balungi moja kubwa, kukaa kwenye kizingiti na kulimaliza lote jasho likikauka. Daktari akaweka kalamu chini. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kazi yake ni kuivunja simvastatini, kwa hiyo dawa huingia mwilini kwa wingi kupita kiasi kilichokusudiwa. Kila asubuhi nilikuwa najiongezea dozi kwa kijiko. Atorvastatini nayo huguswa, ingawa si sana hivyo, rosuvastatini haiguswi. Ziko na dawa nyingine zinazogombana na simvastatini kwa njia hiyohiyo: baadhi ya antibayotiki kama klarithromaisini, baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Wazee wetu wengi wa presha wanameza amlodipini, na mwenye kuimeza hatakiwi kupita miligramu 20 za simvastatini. Ndiyo maana nasema, ukienda kuchukua statini beba na pakiti za dawa zako nyingine zote kwenye mfuko, uzimwage mezani.

Akanianzisha upya na rosuvastatini miligramu 5, siku moja naruka siku moja. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo sababu kuruka siku kunawezekana. Baada ya wiki sita, hakuna maumivu. Tukaenda kila siku, kisha 10, kisha 20. Akanionya kwamba kuzidisha dozi maradufu hakuzidishi faida maradufu: kila ukiirudufu unapata nyongeza ya asilimia sita hivi tu. Kwa hiyo badala ya kupanda hadi juu kabisa akaongeza dawa ya aina nyingine, ezetimibe miligramu 10, ambayo kwa kawaida haina habari na misuli. Yenyewe hukaa utumboni na kuzuia kolesteroli isifyonzwe. LDL yangu kutoka 6.8 ilishuka hadi 3.4, na kwa dawa ya pili ikafika 2.7. Bado angependa iwe chini ya 1.8. Zipo sindano mpya zenye nguvu kubwa, lakini bei yake kwa mshahara wa mwalimu ni hadithi ya nchi nyingine. Hata ezetimibe si kila kemisti wa huku anayo. Yangu huagizwa Ukunda.

Na nazi? Hilo ndilo swali nililoulizwa na kila mtu wa Majoreni niliyemweleza. Sitaki kuwadanganya. Mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, na aina hiyo hupandisha LDL. Mimi nimekulia kwenye mbuzi wa kukunia. Mbaazi za tui na mahamri ndicho kifungua kinywa changu cha sikukuu. Nyumbani tumefanya hivi: tui la kasimile limeondoka kwenye chakula cha kila siku, limebaki kwa Ijumaa na kwa wageni. Siku nyingine mke wangu hutia tui la pili, jepesi, au samaki huchomwa kwa ndimu na pilipili. Ila nisingependa mtu mwenye ugonjwa wangu aambiwe aache nazi kisha aachiwe hapo. Lishe peke yake haingenitoa 6.8. Kwa mtu mwingine, mwenye LDL ya 3.5 na ukoo usio na vifo vya mapema, huenda chakula na mwendo vikamtosha bila kidonge chochote, na hilo ni la kupimwa na daktari kwa kutazama umri, presha, sukari na sigara kwa pamoja.

Kolesteroli ya juu pia si ya asili moja ya watu. Mwaka 1959, Gerald Shaper, aliyekuwa daktari Kampala, na mwenzake waliandika kwamba Waafrika wa Uganda walikuwa na kolesteroli ya chini na maradhi ya mishipa ya moyo karibu hayaonekani kwao, wakati Wahindi wa nchi hiyohiyo walikuwa nayo juu na moyo ukiwaua. Nafikiri habari ya zamani kama hiyo ndiyo iliyotulaza. Tukadhani ni maradhi ya Wahindi wenye maduka.

Ramadhani iliyopita nilimeza vidonge vyote viwili baada ya futari, na mbio nikazihamishia usiku baada ya tarawehe, chupa ya maji mkononi. Hakikutokea kitu.

Iliyobaki ni kazi ya ukoo. Mtoto wa mtu kama mimi ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Wangu ni watatu. Wawili wamesalimika. Binti yangu wa pili, aliye kidato cha pili na anayekimbia mita 1,500, ana LDL 5.4. Ana miaka kumi na mitano, umri niliokuwa nao siku ile baba alipokufa. Aliuliza kama ataacha mbio, akaambiwa hapana. Akauliza kama atashikwa kwa kutumia dawa za kusisimua misuli, akaambiwa statini haimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Daktari akamweleza, mbele ya mama yake, kwamba watoto wa ugonjwa huu huweza kuanza dawa tangu miaka minane au kumi, na kwamba siku atakapoolewa na kutaka mtoto, azungumze na daktari mapema kwa sababu dawa hii haiendi na mimba. Anameza usiku, akishapiga mswaki. Kano zake bado ni nyembamba. Huziminya mwenyewe akidhani simwoni.

Baba alikuwa na ndugu wanne. Mmoja tu ndiye aliyebaki, mdogo wao wa mwisho, na bado anatengeneza nyavu. Nilimwendea baada ya Magharibi, nikamkuta barazani, taa imewekwa chini, nyavu mapajani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikamwambia nimekuja na ombi la ajabu, naomba nimshike kisigino. Hakuuliza sababu. Akasogeza nyavu, akanyoosha mguu wa kulia mpaka ukafika kwenye mwanga wa taa, nikaishika kano yake kati ya kidole gumba na cha shahada, kama nilivyoshikwa mimi. Ilikuwa nene kama ya baba. Nikanyamaza, naye akanyamaza.

"Wote tulikuwa nayo hii," akasema. "Mimi na baba yako na yule aliyefia Tanga. Mama yetu alikuwa akisema ni alama ya ukoo."

Nikamuuliza aliyefia Tanga alikuwa na umri gani. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akasema hakufika hamsini.

Alhamisi nawapeleka Msambweni watu saba: ami, watoto wake watatu, na wajukuu watatu wa yule wa Tanga. Nimewaambia hakuna haja ya kufunga kwa kipimo hiki cha kwanza, wapate chai. Ami atakaa mbele kwenye matatu, maana siku hizi akipanda kilima husimama kushika kifua, na hadi juzi alikuwa hajamwambia mtu.